Kanda, tepu, kaseti, mkanda, santuri: kwenye katalogi tuandike nini?

#1 MkutubiUpanga
Wakuu, habari za jioni. Nafanya kazi kwenye maktaba ndogo hapa Dar. Tunahamisha kadi za zamani kuziingiza kwenye kompyuta. Vitabu vimekwenda vizuri, tukafika kabati la mwisho, la vitu vya kusikiliza na kutazama, na hapo tumekwama.

Kadi zimeandikwa na watu tofauti kwa miaka tofauti. Moja inasema "kanda 12", nyingine "tepu 3", nyingine "mkanda wa sinema", nyingine "sahani 40", na moja imeandikwa tu "vitu vya redio". Nikifungua kabati nakuta "kanda" ya kadi hii ni kaseti ndogo ya redio, "kanda" ya kadi ile ni rili kubwa ya wazi (gurudumu lililozungushiwa utepe), na "kanda" ya tatu ni VHS.

Mkubwa wangu wa kazi anataka tuandike "kanda" kwa kila chenye utepe na "diski" kwa kila cha duara, tumalize. Moyo wangu unakataa, lakini sina hoja ya kumpelekea. Nyie mnaitaje vitu hivi, na mngependa mvikute kwa jina gani mkija maktaba?

#2 MtotoWaTemeke
Kanda ni kanda mkuu. Kila mtu anajua.

#3 BintiKariakoo
#2 kila mtu anajua kitu chake. Kwetu kanda ilikuwa ya muziki, mkanda ulikuwa wa picha. Ukisema "nimeleta mkanda" watoto wote wanakaa chini, deki inawashwa. Hakuna aliyesema "mkanda wa taarabu", tulisema kanda au kaseti. Na mpaka leo, mdogo wangu kaolewa mwaka jana, anauliza mkanda wa harusi utatoka lini, na mpiga picha anamletea flashi. Utepe hakuna, mkanda upo.

#4 SarufiKwanza
Tuanze na neno lenyewe. Asili ni "ukanda", kipande kirefu chembamba cha ngozi au kitambaa, na wingi wake ni "kanda". Utepe wa kaseti ni mrefu na mwembamba, ndiyo maana ukaitwa hivyo. Kisha watu wakaanza kutumia ule wingi kama umoja: kanda hii, kanda hizi, kanda moja, kanda mia. "Mkanda" na "mikanda" ni ndugu wa shina hilohilo.

Kwa hiyo mkutubi, ukisoma "kanda 12" kwenye kadi, hujui kama ni kanda kumi na mbili au ni kanda ya kumi na mbili. Kabla ya kubishana juu ya jina, kubalianeni namba mnaiandikaje.

#5 FundiDeki
Mimi ni fundi, nasafisha na kuhamisha rekodi za zamani. Neno "kanda" limenila nauli mara nyingi.

Kuna ofisi ilinipigia simu: "Fundi, tuna kanda za video 30 zimeota ukungu, njoo na deki." Nikabeba deki ya VHS kutoka Mbagala, daladala mbili, mvua inanyesha. Kufika, zile ni U-matic. Utepe wa U-matic una upana wa robo tatu ya inchi, wa VHS ni nusu inchi. Haiingii hata ukilia. U-matic ilitoka 1971, Betamax 1975, VHS 1976, na kila moja inataka mashine yake. Nilirudi na deki yangu mgongoni, na ofisi ile haikunipigia tena.

Kwa hiyo mkutubi andika jina la mashine. Msomaji anataka kujua kitu kimoja tu: nitakichezesha na nini? "Ya redio kaseti", "ya deki ya VHS", "ya tepurekoda ya rili". Basi.

#6 MzeeWaGerezani
Wanangu, mmeisahau santuri. Hizo "sahani 40" kwenye kadi ni santuri, na aliyeandika hakukosea. Zamani santuri ilikuwa ni ile mashine ya kupigia, na kile cha duara kilikuwa "sahani ya santuri". Baadaye sahani ikachukua jina la mashine, na mashine ikabaki gramafoni. Aliyeandika "sahani" huenda ni mtu wa umri wangu.

Na zilikuwa sahani kweli. Zile za mizunguko 78 kwa dakika ukiangusha moja unaokota vipande. Za plastiki zilikuja baadaye, zinapinda lakini hazipasuki kirahisi.

#7 BintiKariakoo
Shikamoo mzee. Marehemu bibi naye alisema "piga santuri" akiwa na maana ya kuwasha mashine. Nilidhani alikuwa anakosea.

#8 MzeeWaGerezani
Marahaba binti. Hakukosea.

#9 MwanafunziMlimani
Nasomea ukutubi, naomba nichangie. Tatizo la mkutubi ni la dunia nzima na limeshabadilisha kanuni.

Kanuni za zamani za kuandika katalogi, AACR2 za mwaka 1978, zilitaka uandike neno moja la jumla ndani ya mabano ya mraba mara tu baada ya jina la kitu: rekodi ya sauti, rekodi ya video, picha jongefu, na kadhalika. Neno hilo lilichanganya mambo, maana mara lilitaja kilichomo na mara lilitaja umbo. Kanuni mpya, RDA, zilitoka 2010, na Maktaba ya Bunge la Marekani ilianza kuzitumia rasmi tarehe 31 Machi 2013. Zenyewe zinauliza maswali matatu na kila jibu linakaa kwenye mstari wake wa rekodi ya kompyuta, mistari yenye namba 336, 337 na 338.

La kwanza, kilichomo ni nini: muziki, maneno yanayosemwa, picha zinazotembea? La pili, kinahitaji mashine ya jamii gani: ya sauti, ya video, ya kompyuta, projekta? La tatu, kibebeo chenyewe ni nini: kaseti, rili, diski?

Kwa hiyo FundiDeki (#5) ana jibu la swali la pili, BintiKariakoo (#3) ana la kwanza, Mzee (#6) ana la tatu. Wote mko sawa, mistari tu ndiyo tofauti.

#10 MtotoWaTemeke
Sasa mzee wa Buguruni anayetafuta hotuba aliyoisikia ujana wake, unamwambia "kibebeo"? Kibebeo ni mbeleko. Maktaba ni ya wananchi, waandikieni maneno yao.

#11 SarufiKwanza
Hapo nakuunga mkono nusu. Neno gumu halimfukuzi msomaji kama lipo pale ndani linapomsaidia mkutubi. Lakini lile analolitumia msomaji kutafutia lazima liwe la mtaani.

#12 MkutubiUpanga
Asanteni sana. Kuhusu kutafuta, leo nimejaribu pendekezo la mkubwa wangu. Niliingiza rekodi ishirini kwa neno "kanda", kisha nikajifanya msomaji nikalitafuta hilohilo. Vitu vya kwanza vilivyokuja ni ripoti za kilimo cha pamba Kanda ya Ziwa, kisha za mvua Kanda ya Kati. Kaseti ya kwanza ilikuwa ukurasa wa tatu. Hiyo nitampelekea kesho asubuhi.

#13 KorogweHadiDar
Andikeni "kaseti" basi, neno halina pacha. Wajapani walipoileta miaka ya sabini ilikuja na jina lake.

#14 FundiDeki
#13 kaseti ya redio siyo ya Wajapani. Ni ya Philips wa Uholanzi, waliionyesha Berlin mwaka 1963. Wajapani walitujazia redio za kuichezea, ndiyo maana tunaona kama yao. Na "kaseti" nalo lina pacha, tena wengi. VHS ni kaseti, U-matic ni kaseti, Betamax ni kaseti. Kaseti ni utepe uliofungiwa ndani ya nyumba yake. Ukiandika kaseti tu umerudi kwenye shida yangu ya daladala mbili.

#15 MstaafuWaRedio
Nimesoma yote. Nimefanya kazi studio za redio miaka mingi, ngoja niwaambie tulivyosema sisi.

Sisi tulisema "tepu". Tepu ni ya rili, ya wazi, upana robo inchi, inakwenda inchi saba na nusu kwa sekunde, au tatu na robo tatu ukitaka kubana matumizi. Ukisema "lete tepu ya taarifa ya habari" hakuna anayekuletea kaseti. Kukata tulikata kwa wembe, tukaunganisha kwa gundi ya karatasi, na ukiipitisha kidoleni unahisi pale palipoungwa. Neno "kanda" ndani ya studio nililisikia zilipoanza kuingia kaseti za mtaani, na kwangu mpaka leo kanda ni kaseti.

Kwa hiyo kadi ya "tepu 3" na kadi ya "kanda 12" huenda hazikuandikwa kiholela. Mwandishi wa ile ya kwanza alitoka redioni, wa pili alitoka mtaani. Angalia mwandiko.

#16 SarufiKwanza
Mzee wangu, kwa heshima, sidhani kanda ililetwa na kaseti. "Ukanda" ulikuwa kwenye lugha kabla ya redio yenyewe, na lilikuwa neno la kawaida kwa kitu chembamba kirefu. Huenda studio mlitumia "tepu" kwa sababu mafunzo yalikuwa ya Kiingereza, huku msikilizaji nyumbani akisema kanda muda wote.

#17 MstaafuWaRedio
Msikilizaji nyumbani hakuiona tepu mwanangu. Alisikia redio. Utaitaje kitu usichokiona?

#18 BintiKariakoo
Mimi naona wote mnasahau maduka. Kariakoo ulikuwa unapeleka kaseti tupu ya dakika 60 au 90, unachagua nyimbo ukutani, unarudi jioni. Yule kijana wa duka ndiye aliyeamua tunaita nini, maana ndiye aliyeandika kwenye kibandiko. Yeye aliandika "kanda".

#19 Nahodha_Kigamboni
Mnaongea utepe tu. Diski je? Kwa Kiingereza wanaandika kwa herufi ya mwisho tofauti: moja ni ya mwanga kama CD, nyingine ni ya sumaku kama ile ya kompyuta ya zamani. Kiswahili chote ni "diski". Santuri nayo ni duara, mkubwa wa mkutubi ataiweka hapohapo. Msomaji akiletewa "diski" anaweza kukabidhiwa santuri ya 1950, CD au flopi.

#20 KorogweHadiDar
CD zilikuja 1990 hivi, kwa hiyo angalia mwaka tu utajua.

#21 Nahodha_Kigamboni
CD zilianza kuuzwa 1982. Na mwaka haukusaidii, CD ya 2005 inaweza kubeba wimbo uliorekodiwa 1965. Mkutubi ataandika mwaka upi?

#22 MwanafunziMlimani
Yote miwili, kila mmoja mahali pake. Kuna jambo gumu zaidi la diski: CD yenye nyimbo 150 za MP3. Kwa macho ni CD, sentimita 12 kama nyingine. Weka kwenye deki ya CD ya zamani, kimya. Weka kwenye kompyuta, inaimba. Ni diski ya sauti au diski ya kompyuta? Darasani tulibishana saa nzima, tukaondoka kila mtu na lake.

#23 FundiDeki
Ndiyo maana nasema taja mashine. Hakuna saa nzima hapo.

#24 MwanafunziMlimani
Kaka Fundi, deki nyingi za sasa zinasoma MP3. Mashine inabadilika, rekodi ya katalogi inabaki palepale. Ukiandika leo "ya deki ya DVD", mtoto wa miaka ishirini ijayo ataelewa nini?

#25 FundiDeki
Hapo umenishika. Nalifikiria.

#26 Nahodha_Kigamboni
Kwani BAKITA hawana orodha? Hii ndiyo kazi yao.

#27 SarufiKwanza
Baraza lipo tangu 1967, mwaka uleule Maktaba Kuu ya pale Barabara ya Bibi Titi ilipofunguliwa, tarehe 9 Desemba. Baraza linaweza kusanifisha neno. Haliwezi kuingia kwenye kabati la Upanga kuangalia kilichomo ni nini. Hizo ni kazi mbili.

#28 MkutubiUpanga
Wakuu, kabla sijalala. Leo nimetoa kopo la bati kutoka rafu ya chini. Kadi yake imeandikwa "mkanda wa sinema". Ndani kuna rili, upana wa utepe kwa rula ni milimita 16, una matundu pembeni. Nikajua filamu. Nimeunyoosha kidogo mbele ya taa nitazame picha: hakuna picha hata moja. Rangi ni kahawia mwanzo mpaka mwisho, kama utepe wa kaseti. Je, picha zimefutika?

#29 MtotoWaTemeke
Filamu imeungua hiyo mkuu. Joto la Dar. Pole.

#30 FundiDeki
#29 hapana! Mkutubi, acha kuinyoosha, irudishe kwenye rili polepole na unawe mikono.

Picha hazijafutika, hazikuwepo. Huo ni utepe wa sumaku uliokatwa kwa umbo la filamu. Sauti ya filamu ilikuwa inarekodiwa peke yake kwenye utepe wa aina hiyo, wenye matundu kama filamu, ili mashine mbili, ya picha na ya sauti, ziende mguu kwa mguu bila kupishana. Unachokishika ni sauti tupu. Nimekutana nayo mara mbili tu maishani.

#31 MstaafuWaRedio
Fundi amesema kweli. Inanuka?

#32 MkutubiUpanga
Inanuka kama achari. Nilidhani ni kopo.

#33 MstaafuWaRedio
Siki. Hiyo ni asetati, plastiki ya zamani ya filamu na tepu, inayooza. Joto na unyevu wa pwani ndivyo vinavyoiharakisha, na ule unga wa sumaku juu yake unaongeza kasi. Itenge na nyingine leoleo, mvuke wake unaambukiza jirani. Weka mahali pakavu na pa baridi kuliko pengine pote mlipo napo, na usilifunge kopo kabisa kabisa, liache lipumue.

Na jamani msimpe ushauri wa kuipasha joto. Kuna tepu za miaka ya sabini na themanini zinazonata, hizo mafundi wanazipasha kwa moto mdogo kwa saa kadhaa ndipo zichezeke. Hizo ni za poliesta, plastiki ya aina nyingine. Asetati ukiipasha unaiua. Kwa tepu za studio, shika rili mbele ya taa: mwanga ukipenya kwenye utepe uliozungushwa ni asetati, usipopenya ni poliesta. Mkutubi, hilo nalo liandike kwenye kadi. Neno moja, "asetati", lina kazi kubwa kuliko kanda na mkanda kwa pamoja.

#34 BintiKariakoo
Nimesisimka. Kwa hiyo kadi iliyosema "mkanda wa sinema" ilidanganya?

#35 MzeeWaGerezani
Haikudanganya. Umbo ni la sinema.

#36 MwanafunziMlimani
Kwa maswali yangu matatu ya #9: kilichomo ni sauti, mashine ni ya sauti, kibebeo ni rili. Neno "filamu" lisikae popote.

#37 SarufiKwanza
Lisikae popote? Sauti hii haikuzaliwa peke yake. Ukiiandika "rekodi ya sauti" tu, atakayeitafuta filamu yake hataiona kamwe. Mimi ningeandika "sauti ya filamu", milimita 16. Neno filamu lazima liwemo.

#38 FundiDeki
Namuunga mkono Sarufi, na ile hoja yangu ya mashine naipunguza. Mashine ya kuchezeshea hii sijui nani anayo hapa mjini. Jina la mashine lisingemsaidia mtu. Ila mkutubi, swali kubwa ni hili: picha yake iko wapi?

#39 Nahodha_Kigamboni
Mtaani tungesema "mkanda wa sauti".

#40 BintiKariakoo
Nahodha, mtaa upi huo? Sijawahi kulisikia.

#41 MkutubiUpanga
Swali la Fundi limeninyima usingizi, nimewahi kazini saa moja asubuhi. Wiki iliyopita niliingiza filamu moja ya milimita 16 kutoka rafu ya juu. Picha zake safi, watu shambani, watu kwenye mkutano wanazungumza, midomo inakwenda. Haikuwa na mstari wa sauti pembeni, kwa hiyo niliiandika mimi mwenyewe, kwa mkono wangu: "filamu bubu". Sasa nimeyaweka makopo mawili mezani. Rili zote mbili zina kipenyo kimoja, sentimita 17 na kitu.

#42 FundiDeki
Hiyo ni rili ya futi 400, kama dakika 11. Ya sauti nayo futi 400? Usiiweke kwenye projekta yoyote, yoyote! Makopo yana maandishi?

#43 MkutubiUpanga
Plasta nyeupe kila kopo, mwandiko mmoja, wino wa bluu. Yote mawili yameandikwa "Kanda 7". Neno "bubu" nimelifuta, mstari nimeuacha wazi.

#44 MstaafuWaRedio
Mungu mkubwa.

#45 SarufiKwanza
Mkutubi, rudi #4. Hiyo ni kanda ya saba, au ni kanda saba? Kama ni saba, una makopo mawili. Angalia nyuma ya kabati.